Alichosema Mama Mwashi

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo ndiyo kwanza imeanza na tayari nimechefukwa.

Leo ofisini kwa Mama Mdogo tumepiga makofi mara tatu kwa jambo moja. Mara ya kwanza yalikuwa ya kweli. Barua imeingia kwenye kompyuta: Tuzo za Wanawake Vinara wa Habari za Mtandaoni. Mama Mdogo yumo kwenye watano wanaowania Kiongozi wa Mwaka, na binti yake yumo kwenye Chipukizi wa Mwaka. Mara ya pili ni kwa sababu simu haikuwa inarekodi. Mara ya tatu ni kwa sababu mimi sikutabasamu. "We mtoto," Mama Mdogo akaniambia, "hapa si msibani. Onyesha meno!" Nikaonyesha meno. Taya bado linaniuma.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la vioo. Chumba cha mbele kina sofa jekundu, maua ya plastiki, na jina la chaneli yake ya mtandaoni ukutani. Chumba cha nyuma kina kazi. Huko nyuma tunakaa mimi na Kiberiti, dada anayehariri video, pamoja na kompyuta mbili na feni inayopuliza vumbi lile lile tangu mwaka jana.

Kazi yangu kila likizo ni maandishi ya chini. Watu wengi hutazama video kwenye simu huku wamezima sauti — kwenye foleni, kitandani, darasani (nawaona!) — kwa hiyo kila kinachosemwa lazima kiandikwe chini ya picha. Naweka spika masikioni, nasikiliza, naandika. Silazimiki kuongea na mtu. Hakuna kazi nzuri kama hiyo.

Naijua kwa sababu ya Mama. Homa ilimwondolea masikio yote mawili nilipokuwa na miaka minne. Anaongea vizuri kabisa, na anasoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti. Lakini redio, simu, hodi mlangoni — hivyo vyote ni mimi. Mambo mafupi ananisoma usoni. Mambo marefu naandika kwenye daftari la mezani. Nilipojua kuandika tu, alinipa sheria moja: "Andika walichosema, si walichopaswa kusema. Mimi sina masikio mengine."

Jumanne, 5 Agosti

Taa. Ndiye binti wa Mama Mdogo, ana miaka ishirini. Tunamwita hivyo kwa sababu haendi popote bila ile taa yake ya duara ya kujipigia picha. Kilichomfikisha kwenye tuzo ni mfululizo wa video kumi za wanawake wenye kazi ngumu: mwashi, mchomeleaji, dereva wa lori la mchanga na wengine. Kwenye video hizo anayesikika akiuliza maswali ni Taa.

Sasa ukweli. Likizo iliyopita nilisikiliza rekodi zote kumi kabla hazijakatwa. Sauti inayouliza ni ya Kiberiti. Kiberiti ndiye aliyewatafuta hao wanawake, akabeba kamera, akalala siku mbili kwenye lori la mchanga. Kisha Taa akakaa studio, akasoma maswali yale yale kwenye karatasi, na Kiberiti huyo huyo akaambiwa aifute sauti yake na kuweka ya Taa. Nilikuwepo! Mbele ya Taa kulikuwa na kiti kitupu, na juu ya kiti chupa ya maji, ili macho yake yapate pa kutazama. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akajishika kifua. Aliipa pole chupa ya maji!

Leo nikamuuliza Kiberiti kwa nini hasemi. (Nilijiandaa tangu asubuhi. Swali lilitoka saa tisa alasiri.) Akacheka. Ni mdogo wa umbo na hatulii, ndiyo maana ya hilo jina. "Mwanafunzi," akasema, "taa ikishawaka, nani anakumbuka njiti?" Halafu akavuta kiti karibu. Fomu ambayo wateule wa tuzo wanatakiwa kujaza ina mstari wa mwandaaji, na Mama Mdogo amemwahidi kwamba jina lake ndilo litaandikwa hapo. Litasomwa jukwaani. Miaka sita yuko chumba cha nyuma, na jina lake halijasomwa popote. Ameshapeleka kitambaa kwa fundi cherehani.

"Cha rangi gani?" nikauliza.

"Ya kuonekana."

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepewa fomu niikague kabla haijatumwa.

Mtangazaji: Taa. Mtafiti: Taa. Mpiga picha: Taa. Mwandaaji: Taa. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: "Shukrani kwa timu yetu yote."

Mtu mmoja ana mikono mingapi? Nikasoma mara nne. Nikarekebisha mikato miwili na nukta moja, nikarudisha. "Umeona tatizo lolote?" Mama Mdogo akauliza. Nikasema hapana. Sasa uongo una alama zake zote za uandishi, na aliyeziweka ni mimi.

"Mcheza kwao hutunzwa," akasema, akaituma. Kiberiti ana jibu lake kwa methali hiyo, hulitoa kila inapotajwa: na mpiga ngoma je?

Sijamwambia. Nimemeza mate siku nzima. Yana ladha ya msumari.

Ijumaa, 8 Agosti

Taa anafanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo cha chooni. Mlango wazi! Akaniita nimpe maoni: machozi ya jicho moja yanatosha, au yawe ya yote mawili? Nikasema sijui. "Wewe kila kitu hujui, na vitabu vyote hivyo," akasema, wala si kwa ubaya. Kisha akauliza: "Hivi yule mwashi ndiye yupi? Yule mnene, au mwenye kovu?"

Mwenye kovu, dada. Uliongea naye dakika ishirini. Ah, samahani, ilikuwa chupa.

(Hili nimelisema hapa tu.)

Jumatatu, 11 Agosti

Waandaaji wa tuzo wanataka video ya dakika tatu kwa kila mteule, ionyeshwe kabla ya kumtaja mshindi. Ukumbi una mwangwi mbaya, kwa hiyo sauti za watu zitazimwa, utapigwa muziki, na maneno yataandikwa chini. Mama Mdogo amechagua kipande cha Mama Mwashi.

Nakijua kwa moyo. Mama Mwashi amekaa juu ya rundo la matofali, mikono imejaa saruji, uso umejaza picha nzima. Anaongea polepole. "Kiberiti," anasema, "wengine huja na kamera, wakaondoka na picha zao. Wewe ulibeba matofali na mimi siku tatu ndipo ukaniuliza swali. Liandike hilo. Andika kwamba uliuliza baada ya kubeba." Kisha anacheka, anajifuta jicho kwa kiwiko kwa sababu viganja vina saruji.

Siku ya kwanza kukisikia nililia. Macho yote mawili, bila mazoezi.

Mchana Mama Mdogo akaniita chumba cha mbele, akafunga mlango.

"Mwanangu, ile picha ni nzuri mno. Lakini maneno yake hayaendani na shughuli." Akanipa karatasi. Alikuwa ameandika mwenyewe: Asanteni chaneli hii. Nilikuwa sina sauti. Mtangazaji wenu kijana amenipa sauti.

Nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba Mama Mwashi hakusema hivyo.

"Nani atasikia? Kuna muziki."

"Lakini Mama Mdogo —"

"Huo si uongo, ni uhariri. Angekuwa na elimu angesema hivyo hivyo."

Angekuwa na elimu! Mwili ulinisisimka kama mtu aliyekanyaga konokono peku.

Nadhani aliniona usoni, maana akalainika. Akanishika bega. Mwisho wa video, akasema, ataweka jina langu. Maandishi: halafu majina yangu yote matatu, peke yake, skrini nzima. "Mama yako nitamkalisha safu ya pili. Hebu fikiria uso wake." Na Kiberiti nisimsumbue, ana kazi nyingi. Yeye atashughulikia picha, mimi maandishi, kisha nimpe Mama Mdogo mkononi.

Nilifikiria uso wa Mama.

"Hapana" ni neno la silabi tatu. Nimesoma vitabu vinene kuliko matofali, na nimeshindwa silabi tatu. Nikasema "sawa".

Jumatano, 13 Agosti

Nimefanya. Kuanzia sekunde ya kumi na mbili hadi ya ishirini na tisa. Nilipima maneno yaanze midomo inapofunguka na yaishe inapofumba. Yamekaa sawasawa. Na hili ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote — kwa nusu saa nzima nilifurahia. Nilifurahia jinsi yanavyolingana! Kama fundi anayejisifu kwa kitasa alichokivunja vizuri.

Halafu jina langu. Herufi nyeupe juu ya weusi. Nikalitazama mpaka likageuka kuwa la mtu mwingine.

Kiberiti akapita nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikafunika kioo kwa daftari.

"Siri za shule?"

Nikasema ndiyo. Akaniachia nusu ya andazi lake.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama amelipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Nilimwambia kuhusu jina, sikuweza kujizuia. Akaniomba nirudie, macho kwenye midomo yangu, ingawa najua alielewa mara ya kwanza. Kisha akatoka kumwambia jirani kwa sauti yake ile ambayo hajui ni kubwa: "Mwanangu atasomwa ukumbini!" Mtaa mzima ulisikia isipokuwa yeye.

Gauni la Kiberiti limekwisha. La rangi ya chungwa. Alilivaa ofisini juu ya suruali, akazunguka mara moja, karibu avute nyaya. "Nimeonekana?" akauliza.

Neno hilo halinitoki: nimeonekana. Lo! Sijala chakula cha jioni.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika haraka, ingawa natamani kusahau.

Viti vya ukumbini vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe kama sanda zilizoketi. Tuliambiwa saa nane, tukaanza saa kumi kwa kumsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi mwanamume. Mshereheshaji mwanamume. Mwenyekiti wa majaji mwanamume. Hao watatu waliongea dakika hamsini (nilipima) kuhusu umuhimu wa kuwapa wanawake nafasi ya kuongea. Mgeni rasmi akasema wanawake ni maua ya mtandao, na watu wakapiga makofi. Mama akanigeukia. Amesema maua? Nikaitikia kwa kichwa. "Ebo!" akasema, kwa sauti yake ile. "Basi atumwagilie maji!" Safu tatu zikacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba bora ya siku.

Hapana, kulikuwa na nyingine. Mama mmoja wa makamo, mwenye redio ya mtandaoni, alishinda tuzo ya Mwanzilishi. Mdogo wa umbo, miwani imefungwa kwa uzi. Hakushukuru mtu yeyote mkubwa. Akatoa karatasi kwenye pochi na kuanza kusoma majina ya watu saba anaofanya nao kazi, kila mmoja na anachofanya, mpaka mlinzi anayewawashia jenereta. Mshereheshaji akaona anachelewesha, akapandisha muziki. Yule mama akaendelea kusoma juu ya muziki! Sikusikia tena hata neno. Nikamwambia Mama, wamemzima.

"Hajazimwa," Mama akasema. "Sasa anamtaja dereva. Anasema yeye ndiye huwarudisha wasichana majumbani."

Alisoma yote saba.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Muziki haumzuii Mama. Haujawahi kumzuia! Miaka kumi na miwili nimekuwa masikio yake, na nilipokaa kuandika uongo niliwafikiria wenye masikio tu. Nilisahau macho ya mama yangu mwenyewe.

Nilitafuta pa kukimbilia. Wapi? Kiberiti alikuwa pembeni ya jukwaa, kwenye meza ya kompyuta. Mama Mdogo alimpeleka huko tangu mlangoni, eti fundi wa ukumbi hawezi kufungua faili zetu. Kwa hiyo gauni la chungwa lilikaa nyuma ya spika kubwa. Halikuonekana.

Akabonyeza. Mama Mwashi akatokea, uso wake mkubwa kama ukuta wa nyumba, kovu na yote. Midomo ikafunguka. Chini yake maneno yangu yakaanza, kwa wakati, sawasawa.

Mama hakutazama chini. Alitazama midomo. Kisha akashuka kwenye maandishi. Akapanda tena. Nilimwona akipanda na kushuka kama mtu anayesoma barua mbili kwa wakati mmoja. Kiberiti naye alikuwa ameyaona, mkono wake ukabaki hewani juu ya kompyuta. Angeweza kuizima. Hakuizima. Alinitafuta kwa macho kwenye safu zote mpaka akanipata.

Kisha weusi. Kisha jina langu, majina yote matatu, kubwa kuliko la mtu yeyote siku hiyo.

Ukumbi ukapiga makofi. Mama hupiga makofi wengine wakipiga, ndivyo anavyojua. Leo mikono yake ilibaki mapajani.

Taa akashinda. Akalia, jicho moja. Mama Mdogo hakupata ya kiongozi lakini akapanda naye, wakalishika lile kombe la kioo mikono minne, akasema kwenye kipaza sauti: "Sisi wanawake tunainuana." Akarudia, kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari.

Wakati wa kutoka nilimkuta Kiberiti akikunja nyaya, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko. Nilikuwa na sentensi nzima kichwani. Nikashika ncha ya waya mmoja.

"Umeandika vizuri, mwanafunzi," akasema. Hakuinua uso. "Hakuna hata kosa moja."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alitazama dirishani. Ukitaka kumnyamazia Mama unafunga mdomo. Yeye akitaka kukunyamazisha anageuza uso tu, na hapo hakuna mlango wa kubisha.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka na kukuta daftari la mezani limefunguliwa. Mwandiko wa Mama, ule wake ulionyooka:

Yule mwashi alisema nini? Niliona "matofali". Niliona "siku tatu". Hakusema asante.

Chini yake ameacha nafasi. Si mstari mmoja, nusu ukurasa. Na kalamu juu yake.

Amekaa ng'ambo ya meza anachambua mchele kwenye sinia. Hanitazami. Anatoa kijiwe kimoja kimoja na kukiweka pembeni. Mimi nimefungua hii shajara yangu, naandika humu badala ya kule. Nadhani anafikiri najibu.

Mama Mdogo ametuma ujumbe kwenye simu. Wako njiani, yeye na Taa, na kombe. Wanataka video fupi ya familia, moto ungali unawaka. Kuna wazo zuri: Mama akae kwenye kiti karibu na dirisha, ashike kombe, aseme maneno mawili matatu kuhusu jinsi chaneli ilivyowasaidia wasiosikia. "Aseme chochote tu. Muziki utakuwepo. Wewe utaandika."

Nimeusoma mara tatu. Aseme chochote tu. Sasa ni midomo ya Mama!

Nimeenda jikoni. Nimenawa uso, nimerudi. Vijiwe vimekuwa tisa.

Nimevuta daftari la mezani. Nimeandika: Alisema, Kiberiti, wengine huja na kamera, wakaondoka na picha zao. Mwandiko mbaya. Mama ameacha mchele. Anasoma neno kwa neno, kichwa chini kwa upande wake, jinsi maneno yanavyotoka. Wewe ulibeba

Hodi.

Mama Mdogo. Namjua kwa pete yake mlangoni. Mama hajasikia. Ananisubiri, kidole kwenye nafasi iliyobaki.

Hodi ya pili. Sauti ya Taa: "Jamani wenyewe! Fungueni, mwanga unapotea!"

Mama ananitazama. Ameniona nimeinua kichwa. "Nini?" anauliza. "Kuna mtu?"

Katika nyumba hii hodi ni mimi. Kalamu imefika kwenye "matofali", nami bado sijainuka.